Mkwe Nyuma, Ndege Juu

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au ulilikuta limeshafungia mtu sabuni, hukukosa kitu ila aibu yangu. Na aibu yangu haiishi, kwa hiyo vuta kiti.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nikimaliza meno ya watu, natengeneza ndege ndogo za kuendeshwa kwa rimoti, zile za kuchora angani: mstari ulionyooka, duara lisilo na pembe, kubiringika mara tatu bila kushuka hata shubiri. Chini wanakaa waamuzi wanakata alama kwa kila kosa. Si mchezo wa watoto. Nimemweleza hivyo mke wangu mara nyingi sana, na pengine ndiyo maana mke wangu hayupo.

Kisa ni pasi.

Ndege hizi huvishwa ngozi nyembamba ya plastiki ya rangi, na ngozi hiyo hubandikwa kwa pasi ya moto. Pasi ya ndege ni ya ndege, na pasi ya nguo ni ya nguo. Kila mwenye akili analijua hilo. Yangu ilikuwa imeungua, nikaazima ya mke wangu, Mama Pacha, bila kumwambia. Asubuhi akanyoosha nayo sare yake nyeupe ya ukunga, akaenda kazini na doa jekundu kifuani. Mjamzito wa kwanza kumwona aliomba arudishwe nyumbani.

Jioni ile Mama Pacha alifunga sanduku moja, akachukua na pasi, akaenda kwa baba yake. Pacha wetu wako shule ya bweni. Nyumbani tukabaki mimi na ndege.

Nilimfuata, lakini sikuvuka mlango. Baba yake alikuwa mtahini wa leseni za udereva mpaka alipostaafu. Mji mzima unamwita Mzee Rudia, maana ndilo neno alilowaambia wengi wao baada ya mtihani. Mimi pia aliniambia, na wakati huo nilikuwa nimeshamwoa binti yake.

Mzee alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akatoa hukumu.

"Jumamosi nitakuja uwanjani nikutahini. Hiyo ndege yako nyekundu na nyeupe ikipita, nitamwambia binti yangu nyumba yenu isimame. Ikifeli, utarudia."

"Kurudia nini, Baba?"

"Kuposa. Kwingine."

Hapo ndipo tulipoishia. Mama mmoja msomaji ameniandikia kwamba nimeyataka mwenyewe. Asante, mama. Subiri uone yaliyofuata.

Jumamosi ikafika. Ndege ilikuwa tayari, ila kasoro moja.

Ile ngozi nyekundu na nyeupe nilipewa na Fundi Saa. Ni mzee anayetengeneza saa za mkononi, na kwa kurusha ndege hana mpinzani kwenye chama chetu. Yalikuwa mabaki. Siku aliponipa alinionya.

"Weka mstari mpana wa njano chini ya bawa," alisema. "Nusu nyingine ya ngozi hii inakwenda kwenye ndege ya mtu. Zikipaa pamoja bila alama, utajuta."

Nilimwambia nitaweka. Na ningeweka kweli, lakini pasi ilikuwa kwa baba mkwe.

Nikajaribu kwa kisu cha nta, kile ninachokipasha moto nikitengeneza fizi za bandia. Kwenye fizi hakina mfano. Kwenye bawa kilitoboa tundu la kupitisha kidole. Nikaliziba tundu kwa utepe mweupe, nikautupa ule mstari wa njano pipani. Nani atapaa na ndege kama yangu leo, nikajisemea. Mwenye kiburi hana haja ya adui.

Mkwe alinikuta nikipakia ndege kwenye gari. Alivaa kofia yake ya kazini, filimbi shingoni, na mkononi ana ule ubao wa kubania karatasi uliofelisha mji. Kalamu mbili mfukoni, zote nyekundu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Matairi umetazama?"

"Ya ndege?"

"Ya vyote."

Nikatazama ya vyote. Tulipokuwa njiani nikajikaza nikauliza.

"Mama Pacha hajambo?"

"Hajambo."

"Yuko nyumbani?"

"Jumamosi huwa hakai nyumbani."

"Huenda wapi, Baba?"

"Siku ya mtihani anayeuliza ni mimi. Na hapo nyuma hukuonyesha ishara kabla ya kupinda."

Moyoni nilikuwa na lundo la maswali, lakini mtu haulizi maswali huku ubao ule uko magotini mwa mkwe wake.

Uwanja wetu uko nyuma ya kiwanda cha matofali: nyasi fupi, njia moja ya lami iliyopasuka, na vichaka upande wa pili. Mwisho kabisa wa njia, Fundi Saa alikuwa ametandaza turubai lake. Kando yake aliketi mtu kwenye kiti cha kukunja, ovaroli ya bluu, kofia pana ya jua, ametupa mgongo kama anayekwepa deni.

Nikaenda kusalimia, mwendo wangu ule wa watu mashuhuri.

"Mwanafunzi wako huyo, Fundi?"

"Ndiye. Mwache, anaona haya."

"Hana haja ya kuona haya. Sote tulianza hatujui. Mwambie atazame kwangu leo, atajifunza kitu."

Fundi Saa alikohoa. Ile kofia haikugeuka, ila niliona mabega yakitikisika kidogo. Nikadhani ni mafua.

"Atatazama," alisema Fundi Saa.

Sasa lazima nikueleze jambo moja, usije ukapotea. Rubani wa mchezo huu haondoi macho kwenye ndege. Akishusha macho asome mchezo unaofuata wa angani, ndege imekwenda. Kwa hiyo nyuma yake husimama msomaji mwenye kadi, anamtajia michezo mmoja baada ya mwingine. Miaka yote msomaji wangu alikuwa Mama Pacha. Leo nafasi yake ilichukuliwa na baba yake, kwa kujiteua mwenyewe.

"Maisha yangu yote nimekaa kiti cha pembeni nikiwaambia watu wapinde wapi," alisema, akinipokonya kadi. "Hii nayo ni gari, ila haina breki."

Nikapiga ile kelele ya desturi, "Napaa!" Ndege ikaruka.

"Panda wima!" Mkwe ana sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya injini ya lori. Kiwanda cha matofali kizima kilijua natakiwa kupanda wima.

Nikapanda.

"Umeegemea kushoto."

"Ni upepo, Baba."

"Wote niliowafelisha walikuwa na upepo. Duara!"

Nikachora duara.

"Hilo ni yai. Rudia!"

"Baba, angani hakuna kurudia. Unaendelea tu."

"Ndiyo maana ndoa yenu iko hivi."

Kalamu ilikuwa inakwaruza nyuma ya sikio langu. Kila mkwaruzo nilimwona Mama Pacha akisogea mbali. Kwa mbali nilimsikia Fundi Saa akiita, "Na huku moja inapaa!" Ni kawaida siku za mazoezi kupaa wawili, kila mmoja upande wake, na msomaji wako ndiye anayepaswa kukutazamia mwenzako yuko wapi. Msomaji wangu alikuwa anatafuta makosa.

"Pindua chali! Ukiwa chali nenda moja kwa moja!"

Nikapindua. Ndege ikaenda chali, ikaingia kwenye jua.

Jasho likanichoma macho. Nikapepesa. Nilipofungua, sikuona ndege. Nikaona weupe wa mbingu tu, na moshi wa kiwanda.

Kisha nikaiona. Nyekundu na nyeupe, chali, imenyooka, mbali kidogo na pale nilipoiacha. Alhamdulillahi. Nikashusha pumzi.

"Geuza! Biringisha mara tatu, polepole!"

Nikasukuma kijiti taratibu. Ndugu zangu, ndege ilibiringika mara tatu bila kupoteza hata shubiri, mkia umebaki pale pale ulipoanzia. Sijawahi kuifanya hivyo. Sijawahi kuona mtu wa chama chetu akiifanya hivyo, ukimwondoa Fundi Saa siku zake za nyuma.

Kalamu ikanyamaza.

"Hii nani kakufundisha?" aliuliza mkwe.

"Mwenyewe, Baba."

"Hm. Panda wima!"

Ikapanda. Upepo ule ule, lakini haikuegemea popote.

"Duara!"

Nikavuta kijiti, na angani likachorwa duara ambalo ningeweza kulitundika ukutani. Mkwe alilitazama mpaka likafunga.

"Hilo ni duara," alisema. Lilimtoka kwa taabu kama jino bila ganzi.

Machozi yalinitoka, sikufichi. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga jioni yetu: sanduku linashuka kwenye gari, Mama Pacha anafungua madirisha, ananiambia nyumba inanuka gundi. Nilijiona nimekuwa mtu mwingine. Na kweli alikuwa mtu mwingine, ila bado hatujafika huko.

Kutoka vichakani kukaja kishindo, kisha kimya. Sisi wa mchezo huu tunakijua kimya hicho.

"Kuna mtu kaangusha," alisema mkwe.

"Pole yake," nikasema bila kugeuka. "Hawa wanaoanza, Baba, hawasikii. Mtu hajui hata ndege yake iko wapi."

"Tua!"

Ndege ikashuka chini, ikanyoosha pua, ikagusa lami bila sauti. Nyuma yangu filimbi ililia mara moja, ndefu.

"Umepita," alisema Mzee Rudia. Sauti yake ilikuwa imelegea. "Na neno hilo silisemi ovyo."

Nilitaka kumkumbatia, lakini mkwe hakumbatiwi. Nikasukuma kijiti ili ndege itembee ije miguuni petu.

Ikageuka, ikaenda zake upande wa turubai.

Nikasukuma tena. Ikazidi kwenda. Ikasimama mbele ya ile ovaroli ya bluu, propela ikazima. Mwanafunzi akainama, akaiinua juu aitazame tumbo. Chini ya bawa hakukuwa na utepe mweupe.

Nikatazama rimoti yangu. Nikatazama vichaka. Vijiti vyangu vilikuwa vimefanya kazi barabara muda wote. Vilikuwa vinaipeleka ndege yangu kwenye miiba.

Fundi Saa ndiye aliyeingia vichakani. Alitoka na bawa moja, na lilikuwa na utepe.

"Ulirusha vizuri mpaka kwenye jua," aliniambia kwa upole unaouma. "Baada ya jua ulikuwa unatazama ya watu."

Mkwe alisogeza ubao wake machoni, akaurudisha chini.

"Kwa hiyo alama hizi nimempa nani?"

Mwanafunzi akavua kofia.

Ni kweli, ninyi mlioniandikia, mlisema Mama Pacha ana jambo. Mlisema nichunguze. Mimi nikasema mke wangu namjua. Basi alisimama pale, ovaroli imejaa vumbi la mbao nyepesi, rimoti inaning'inia shingoni, na usoni ana furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu pacha walipozaliwa. Aliponitazama akaifuta.

"Wewe?" nikasema.

"Mimi."

"Umeijuaje michezo yangu?"

"Yako? Nimeisoma nyuma ya kisogo chako miaka yote hii. Ningeweza kuitaja usingizini. Leo nilikuwa nipae niruke ya kwangu, mara namsikia baba anaitaja mmoja mmoja kwa sauti inayofika sokoni. Nimelelewa na sauti hiyo. Mikono ikafuata yenyewe."

"Binti yangu," alisema mkwe, "ulinidanganya unakwenda kujifunza kushona."

"Miezi yote hii yeye namwambia niko zamu; wewe nilikwambia nakwenda kwa fundi, Baba. Hukuuliza wa nini."

Mtahini wa mji mzima alikuwa amesahau kuuliza. Siku nyingine ningecheka.

"Mbona hukuniambia unataka kurusha?" nikamuuliza.

Mama Pacha akacheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu.

"Baba Pacha, nilikuomba mara ngapi nishike rimoti kidogo? Ulikuwa unaniambia nini?"

Nilikijua nilichokuwa namwambia. "Ngoja nitue kwanza."

"Na ukishatua?"

"Betri imekwisha."

"Kila mara?"

Betri hazikuwa zinakwisha.

"Lakini uliondoka kwa ajili ya pasi," nikasema, kama mtu anayeshika jani akizama. "Uliondoka nayo mkononi!"

"Pasi niliichukua kwa sababu nilikuwa na bawa la kuvisha."

Ndege iliyokufa vichakani niliijenga kwa mkono wangu, ubavu kwa ubavu, na haikuniuma kama sentensi ile. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa ajili ya sare. Hakuna aliyekuwa anazungumzia sare ila mimi na wasomaji wangu.

Mkwe akakohoa, akasimama wima.

"Neno ni neno. Nilisema ile nyekundu na nyeupe ikipita, nyumba isimame. Imepita."

"Hilo ni neno lako, Baba," alisema Mama Pacha. "Langu sijalitoa."

Akanigeukia mimi. Alizungumza polepole, kama anavyozungumza na wanaojifungua mara ya kwanza.

"Mwezi ujao ni mashindano. Fundi Saa amenipa nafasi. Ninachokosa ni msomaji. Baba ana sauti, lakini hasomi, anatahini."

"Kweli," alisema Fundi Saa.

"Sasa napaa tena. Simama nyuma yangu usome kadi mpaka mwisho. Yaliyoandikwa tu. Ukimaliza, leo hii narudi nyumbani na sanduku langu na pasi yangu. Ukiongeza lako hata moja, 'kushoto kidogo,' 'punguza,' 'si hivyo,' au ukigusa rimoti, sirudi. Sirudi nyumbani kusimama nyuma tena, Baba Pacha. Nimechoka kuona kisogo."

Nilimpenda sana wakati ule, na nilimwogopa kwa kiasi hicho hicho.

"Nimekubali," nikasema.

Mkwe akageuza karatasi kwenye ubao, ukurasa mpya, akaja kusimama nyuma yangu mimi. "Mtahiniwa, uko tayari?"

Betri ikabadilishwa. Mama Pacha akavaa kofia yake. "Napaa!" alipiga kelele, na sauti yake ilinishtua, sikuwahi kuisikia ikisema neno hilo. Ndege ikaruka.

Nilikuwa nimesimama mahali pake. Hapo nyuma ndege huioni vizuri. Unaona kisogo cha mtu na mbingu iliyobaki. Nikajiuliza aliwezaje miaka yote, kisha nikaacha, kwa sababu ilikuwa zamu yangu kusoma.

"Panda wima," nikasoma.

"Sikusikii."

"Panda wima!"

Ikapanda. Ilikuwa imeegemea kulia, kidogo tu, unywele. Neno likanijaa ulimini. Nikalimeza.

"Duara!"

Lilianza pana mno. Mimi ningeanza jembamba. Nikang'ata meno yangu, ambayo bado ni ya asili. Duara likafunga safi kuliko ambavyo ningelifunga mimi, na nikajisikia mjinga, na nafuu ikanijia kidogo. Kumbe inawezekana. Mtu anaweza kunyamaza na mbingu isianguke.

Nyuma yangu kalamu haikukwaruza.

Nikaruhusu moyo wangu uende mbele kidogo, ufungue mlango wa nyumba, uwashe taa ya jikoni.

Ndege ikageuka, ikaelekea kule kule kwenye jua.

Mabega ya Mama Pacha yakakaza. Kichwa chake kikayumba kushoto, kikarudi kulia, kikatafuta. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimetafuta hivyo hivyo muda mfupi tu uliopita.

Hakuwa anaiona.

Mimi nilikuwa naiona. Nilisimama kwenye kivuli cha kofia yake, na pale pembeni ya ukingo wake kulikuwa na doa dogo jekundu, kushoto, linashuka.

"Msomaji," aliita. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Nini kinafuata?"

Nikatazama kadi. Kilichofuata ni kupindua chali. Na ndege inayoshuka, ukiipindua chali bila kuiona, mwisho wake ni ardhini.

Nyuma yangu nilisikia kifuniko cha kalamu kikifunguliwa.

"Baba Pacha. Soma."

Nilifungua mdomo nisome. Mkono wangu wa kulia, ambao sikuutuma, ulikuwa umeshapita bega lake, ukielekea kwenye rimoti.